Goma: Mji wa Mawe Meusi na Vitenge vya Rangi

Mwezi huu ninakuomba tutembee pamoja mpaka Goma, huko Kivu ya Kaskazini. Sitakuongoza kwenye migodi, maana hiyo unaijua kuliko mimi. Nitakuongoza sokoni, kwenye ua wa mchoraji, na kwenye kibanda kimoja cha wakimbizi. Kote huko tutaangalia kitu kimoja tu, kitu kilicho pia ndani ya nyumba yako: kikwembe. Sisi wa Kolwezi tunasema kikwembe, wao wa Goma wanapenda kusema kitenge. Ni nguo moja.

Nilifika Goma mwezi wa sita mwaka 2023. Kanisa letu lilikuwa limekusanya msaada kidogo kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita, nikatumwa kuupeleka. Sisi tumezoea udongo mwekundu, wenye kuingia mpaka ndani ya sufuria. Goma chini ni kweusi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukashuka katikati ya mji, ukafunika mitaa na sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na mji. Watu wa Goma walifanya nini? Walingoja moto upoe, wakachukua nyundo, wakavunja lile jiwe jeusi na kujengea nyumba zao.

Juu ya weusi ule kunapita chukudu za mbao zenye kubeba makaa na viazi, na kunapita wamama wenye kuvaa vitenge. Manjano, buluu, nyekundu ya pilipili. Nakuambia kweli, macho yangu yalipumzika.

JINA LINATOKEA SOKONI

Mke wangu alikuwa ameniambia nisirudi mikono mitupu. Nikaenda soko la Virunga. Kwenye mstari wa wauza vitenge mama mmoja akanikaribisha:

"Karibu, Baba Pasta. Unatafutia mama? Hii ni Mari capable. Hii ingine ni ya China, lakini haitokake rangi."

Mari capable, maana yake mume mwenye uwezo. Nikacheka, nikamwuliza majina haya anayatoa nani.

"Ni siye wenyewe," akajibu. "Kule kwenye wanachapa iko na namba tu. Jina inapatia huku, kwa soko. Kitenge yenye haina jina haiuzikake mbio."

Neno hilo lilinifuata mpaka usiku. Maana, msomaji, unajua nguo hii ilitoka wapi? Kwenye kisiwa cha Java, katika nchi inayoitwa leo Indonesia, watu walichora nguo zao kwa nta ya moto, kwa mkono, kisha wakazitia rangi. Mahali penye nta rangi haikuingia. Waholanzi, waliotawala kule, wakaiga kazi hiyo kwa mashini. Kiwanda cha Vlisco kilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na mpaka leo kinachapa. Kule Java nguo ya mashini haikupendwa sana. Kumbe mwisho wa miaka ya 1800 wafanyabiashara waliipeleka pwani ya Afrika ya Magharibi, na huko wamama waliipokea kwa mikono miwili. Kutoka pale ikaenea mpaka kwetu. Siku hizi nyingi zinatoka China.

Basi mtu anaweza kusema: nguo yenyewe si yetu. Nta ni ya Java, mashini ni ya Mzungu, mfuko wa faida ni wa mwingine. Nami nilifikiri hivyo zamani. Lakini yule mama wa soko alinijibu bila kujua. Namba inatoka ng'ambo, jina linatoka kwetu. Kikwembe kinakuwa chetu siku kinapotolewa kwenye mahari, siku kinapobeba mtoto mgongoni, siku dada wote wanapovaa kimoja kwenye kilio cha mama yao.

TULIKUWA NA MAPAMBO YETU

Tusisahau pia kwamba kabla ya nta ile babu zetu walikuwa na nguo za mapambo. Wakuba wa Kasai wanafuma nguo ya nyuzi za majani ya mtende. Wanaume wanafuma, wanawake wanashonea mapambo juu yake, mistari yenye kukatana na kurudi, na hakuna sehemu mbili zinazofanana kabisa. Kule msitu wa Ituri, Wambuti wanapiga gome la mti kwa nyundo ya pembe mpaka linalainika kama kitambaa, na wanawake wanachora juu yake kwa rangi ya matunda na makaa. Vitu hivi leo vinatunzwa nyuma ya kioo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Mtoto wetu wa darasa la sita hajaviona.

Halafu ukaja wakati wa amri. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na ile siasa ya otantisite ikaingia mpaka ndani ya sanduku la nguo. Wanaume waliacha suti na tai, wakavaa abakosti. Wanawake walikatazwa suruali, wakaambiwa mwanamke wa kweli wa Zaire anavaa kikwembe. Katika sanduku la mama yangu kulikuwa na kimoja chenye uso wa Mobutu. Mama alikivaa siku za maandamano, kisha akakitumia kufunikia unga. Ninyi wazee mnakumbuka. Nguo ni ileile, lakini iliyoamriwa haikai mwilini sawa na iliyochaguliwa.

Shika neno hilo, tutalirudia.

KIJANA NA VIPANDE VYAKE

Siku ya tatu ndugu aliyenipokea alinipeleka upande wa Himbi, kwenye ua wa kijana mmoja mchoraji. Goma ina vijana wengi wa namna yake. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 nyumba ya Yole!Africa, iliyoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko, imefundisha vijana wa mji ule kupiga picha, kutengeneza filamu na kucheza. Vita vilikuja na kwenda, wao waliendelea.

Kijana huyu anapita jioni kwa washonaji, anaomba vile vipande vinavyoanguka chini ya cherehani. Anavibandika kwenye tablo zake. Niliona mama mmoja aliyechorwa kwa rangi nyeusi kama lile jiwe la volkano, lakini nguo yake ilikuwa vipande vya kweli, labda thelathini, kila kimoja cha nyumba nyingine.

Nikamwuliza kwa nini hachori vita, maana vita vilikuwa karibu sana.

"Pasta, wenye wanakujaka kununua tablo wanataka bunduki, volkano, na mama mwenye kulia. Mimi nimezaliwa hapa. Mama yangu aliliaka, ni kweli. Lakini alichekaka pia, na kitenge yake alichaguaka yeye mwenyewe."

Kisha akatoa telefoni akanionyesha kazi za mtu wa Kinshasa, Eddy Kamuanga Ilunga, aliyezaliwa mwaka 1991. Mimi si mtaalamu wa sanaa, ninakueleza tu nilichoona. Ni watu wakubwa, wamesimama au wameketi na uchovu, wamefunikwa vikwembe vyenye mikunjo mizuri mpaka unataka kuvishika. Lakini angalia ngozi yao. Ngozi nzima ni vile vijistari na vijishimo vilivyo ndani ya telefoni ukiifungua. Mchoraji anawafikiria Wamangbetu, watu wa kaskazini-mashariki ya nchi yetu, wenye sifa ya ufundi tangu zamani. Anauliza: urithi wao unakwenda wapi, wakati dunia inakuja kwetu kutafuta koltani tu?

Nilinyamaza. Telefoni niliyoshika ina koltani, na pengine ni ya Rubaya, kule Masisi, ng'ambo ya vilima nilivyoviona kwa dirisha. Betri yake ina kobalti, na pengine ni ya Kolwezi, ya mikono ya mtu anayekaa kwenye benchi la pili kanisani kwangu. Picha ile ilikuwa yetu, wewe na mimi.

Nikamwambia kijana kwamba sisi pia tunaye mtoto wetu. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mwaka 2006 alichukua picha za kale za wafanyakazi wa wakati wa Wabelgiji, akawasimamisha mbele ya majengo yaliyokufa ya Gécamines. Baadaye alifanya jambo lingine. Alichukua mapambo ya nguo za kale za Wakongo, zile za thamani za zamani za wafalme, akayatia kwenye bamba za shaba. Nguo na shaba, kitu kimoja! Wewe uliyeoga udongo wa shaba tangu utoto, fikiri. Wageni walichukua shaba, wakachukua na nguo. Yeye ameziweka pamoja tena, ili tuulize bei tuliyolipwa.

KIBANDA CHA BULENGO

Siku ya mwisho tulipeleka msaada Bulengo, kando ya ziwa, magharibi ya mji. Wakati ule maelfu na maelfu ya watu walikuwa wakiishi pale chini ya shitingi, juu ya mawe yaleyale. Niliingizwa katika kibanda cha wamama wawili, jirani. Makabila yao sitayaandika. Inatosha kusema kwamba wale waliokuwa wakipigana kule vilimani waliyaita makabila hayo maadui.

Mmoja alikuwa amekimbia na kitenge kimoja tu, cha mahari yake. Mchana kilibeba mtoto, usiku kilikuwa blanketi, mvua ikinyesha kilikuwa mlango. Niliona kwamba kimekatwa upande mmoja. Nikauliza kwa upole. Akamwangalia mwenzake.

"Mtoto yake alikufa wiki ya mbele," akasema. "Hakukuwa na kitu ya kumufunika. Nilikata."

Akaendelea kuchambua maharagi.

Ndugu msomaji, sisi wa Likasi na Kolwezi tuliona mwaka 1992 na 1993 jinsi swali dogo, "wewe ni mtu wa wapi?", linavyofukuza jirani mpaka kwenye gari la moshi. Nilikuwa mtoto, lakini ninakumbuka marafiki waliopotea darasani. Katika kibanda kile nilikuta watu wawili wenye haki yote ya kuuliza swali hilo. Mmoja alikuwa amechukua mkasi.

Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23, na mwezi uliofuata watu wa Bulengo waliambiwa waondoke. Mahali walipo wale mama wawili sipajui. Ninawaombea.

DENI LANGU

Sasa niungame mbele yako. Miaka michache kabla ya safari ile, wamama wa kanisa letu walifanya sikukuu yao, na mimi niliagiza wote wavae kikwembe kimoja. Nilichagua mwenyewe, tena cha bei. Mama mmoja, mjane wa mchimbaji, hakuweza kununua. Alikuja na kile chake cha zamani. Wakati wa kupiga picha mtu alimwambia asimame pembeni. Nilisikia, nikanyamaza. Hakurudi kanisani.

Unaona? Mimi pia nilifanya sawa na Chama cha zamani. Nilidhani nguo moja inatuunganisha, kumbe nilichora mstari kati ya mwenye nacho na asiye nacho.

Niliporudi toka Goma nilikwenda kwake. Nilimletea kile kitenge cha soko la Virunga, baada ya kupatana na mke wangu. Alikiangalia, akakikunja, akakiweka juu ya magoti.

"Aksanti, Baba Pasta. Lakini mie sikukasirika juu ya kikwembe. Nilikasirika juu hakuna mwenye aliniuliza. Kile nilivaa siku ile, bwana yangu aliniuziaka na mushahara yake ya mwisho."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba msamaha, na alinipa baada ya kimya kirefu.

Sikukuu iliyofuata hatukuchagua kikwembe. Tulisema kila mama aje na kile anachokipenda, na aseme kimetoka wapi. Tulikaa mpaka jua likazama. Mmoja alikuwa na cha bibi yake toka Kasenga. Mmoja alileta cha dada yake aliyepelekwa Kasai mwaka 1993, wakalia pamoja. Yule mjane alisema habari ya mushahara wa mwisho, akiwa amesimama katikati. Nimekuwa mchungaji wa watu hawa miaka mingi, na siku ile ndiyo nilianza kuwajua.

Basi nakupa kazi, wewe baba au kijana unayesoma ukurasa huu. Jumapili hii mwombe mama yako afungue sanduku. Mwombe akuonyeshe kikwembe cha kwanza alichonacho, umwulize jina lake, nani alikinunua, siku gani kilivaliwa. Andika kwenye daftari, maana nguo itachakaa, na mama hatakaa nasi siku zote.

Kama akikataa, usimlazimishe. Mwulize tena siku nyingine.