Bata mama anavyolea pembeni mwa Kalimawe

Ukitoka Same mjini na kushika barabara ya Kisiwani, Milima ya Upare inakaa kulia na nyika ya Mkomazi kushoto. Mji ni mkavu, vumbi tupu miezi mingi. Lakini milimani, ambako kilele cha Shengena kinafika mita 2,462, mvua inanyesha, na maji hushuka kwa mito hadi mashamba ya mpunga ya Ndungu na Bwawa la Kalimawe. Penye maji na matete kama hapo ndipo bata mwitu huja kulea.

Kwa jike, huo ndio msimu wa hatari. Mtazame bata mwenye nundu. Nundu hiyo juu ya mdomo ni ya dume, na dume huyo huwa na majike kadhaa, wala haatamii. Jike hutafuta tundu la mti na kuatamia peke yake karibu mwezi mzima, akitoka mara chache kula. Nguchiro au nyoka akimkuta ndani, mlango ni mmoja. Vifaranga wakishatotolewa huruka chini wenyewe, mama akiwaita, kisha wote hutembea kwa miguu hadi majini.

Bata wenye uso mweupe, wale wanaopiga mluzi, ni tofauti: baba na mama hupokezana kuatamia. Akina baba mnaosoma ukurasa huu, chagueni wenyewe mfanane na yupi.

Mayai yakiliwa, jike anaweza kutaga tena mvua zikiruhusu. Akifa yeye vifaranga wangali wadogo, kwa kawaida nao hawaponi. Na hata akishamaliza kulea hajapona bado, maana bata hupukutisha manyoya makubwa ya mabawa yote kwa pamoja. Kwa wiki tatu au nne hawezi kuruka. Kinga yake ni matete tu, yale yale yanayokatwa, kuchomwa moto na kukanyagwa na mifugo.

Mzazi, ukiwapeleka watoto bwawani, mbwa abaki nyumbani. Mtoto akiona bata anaburuta bawa kama limevunjika, asimkimbilie. Mara nyingi anajifanya mgonjwa ili adui amfuate yeye, aache vifaranga. Rudini nyuma taratibu. Na bata aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu, kwa kuwa ndege wa majini hubeba virusi vya mafua ya ndege.

Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri ya kuwaona, mama mbele, vifaranga nyuma, wakipita kando ya matete.