Gari liliacha kudunda, mtoto nikawa simsikii

Mama zangu, niliahidi leo tuendelee na kiti cha mtoto cha kwenye gari. Tutaendelea, ila leo naanzia chini ya kiti, kwenye difu. Msinicheke. Kuna mama kaniandikia kwamba mumewe amefunga "bushi za chuma" kwenye difu la gari lao, na tangu hapo mtoto halali safarini, anashtuka na kulia. Anauliza kama ni masikio. Ukiwa na wasiwasi mpeleke apimwe, usisubiri majibu yangu. Lakini mimi hayo yamenikuta, ngoja nisimulie.

Gari letu ni Mark X, V6 ya lita 2.5, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Baba watoto anaipenda kuliko anavyokubali. Wakati huo tulikuwa tunakaa Kibamba, na njia yetu ya vumbi ilikuwa na kijimlima kabla ya kuingia lami ya barabara ya Morogoro. Jioni moja ya mvua nawahi zamu ya usiku, mtoto yuko nyuma, miezi 7, nampitisha kwa bibi yake. Nikaona nafasi, nikakanyaga mafuta. Gari haliendi! Nyuma inadunda du-du-du-du kama mtu anatwanga kisamvu kwenye buti, na upande wangu wa kulia lori linakuja limeshika honi. Nikaachia mafuta, tairi likashika, gari likajivuta. Usiku ule kanula ya kwanza nilimwomba mwenzangu aweke yeye, mikono yangu ilikuwa haijatulia.

Kwa hiyo nisisingizie mtu. Mimi ndiye niliyesema gari litengenezwe.

Nilivyoelezwa ni hivi. Difu halijafungwa chuma kwa chuma, linashikwa kwenye fremu ya nyuma na bushi zenye mpira. Ukikanyaga ghafla, tairi linashika barabara, difu linataka kujipindua, mpira unajikunja. Ukifika mwisho wake unarudisha kama manati, tairi linapoteza barabara, linateleza, halafu linashika tena. Hiyo inajirudia mara kadhaa kwa sekunde moja, ndiyo kule kudunda. Ikiendelea inaweza kukata shafti au kula jointi zake. Mimi nikaelewa kwa lugha ya wodini: ile mipira ni kama gegedu kwenye goti.

Baba watoto na rafiki zake wakaja na dawa yao. Kuna fundi mwenye mashine ya kukereza, akachonga bushi za aluminiamu tupu, kama wanazofunga watu wa mashindano. Hakuna mpira, hakuna kujikunja, difu limekaa kama limejengewa zege. Na nisiwe mnafiki, ilifanya kazi. Pale kwenye kijimlima gari lilipanda bila kudunda. Nilimpikia mtu pilau siku hiyo.

Shida ni kwamba ule mpira ulikuwa na kazi nyingine. Meno ya difu yanaposagana yanatoa sauti na mtetemo, mpira unameza sehemu kubwa. Ukiutoa, vyote vinapanda kwenye bodi. Ikifika spidi 60 hivi, ndani kunaanza uuuuu, inapanda na kushuka na mguu wako. Na difu liko huko huko nyuma, jirani na anapokaa mtoto. Mimi mbele nilizoea baada ya siku tatu. Ndiyo ubaya wenyewe, nilizoea.

Siku ya kama wiki ya pili nimefika kwa mama, nafungua mlango wa nyuma, namkuta mtoto ametapika, maziwa yote shingoni, uso mwekundu, amelia mpaka sauti imekauka. Alikuwa nyuma yangu, hata mita mbili hazifiki. Sijasikia kitu.

Mnajua kwa nini nilikaa chini pale pale barazani. Kiti chake kinatazama nyuma, kama inavyotakiwa kwa umri ule. Nikiwa peke yangu garini simwoni uso. Nilichokuwa nacho ni masikio tu: anacheua, anakohoa, ananung'unika, au amenyamaza kwa namna nisiyoipenda. Na mtoto anayepaliwa hasa hapigi kelele, sauti yake ni ndogo sana. Hiyo ndogo ndiyo tuliyokuwa tumeifunika.

Nyumbani tulibishana. "Lakini si halidundi tena?" Kweli, halidundi. Na pesa imeshatumika. Nilimwambia akae yeye kiti cha nyuma, mimi niendeshe mpaka Kibaha na kurudi. Alikubali kwa kununa. Tuliporudi hakusema neno, akampigia fundi mwingine, mzee mmoja wa gereji.

Yule mzee aliinamia gari kwa dakika kumi. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, bushi za mikono ya nyuma zimepasuka, na tairi zilijazwa upepo kupita kiasi. "Dada nesi, difu mmelifunga mdomo tu," akaniambia. "Gari la mashindano halibebi mtoto." Alisema pia zipo bushi za poliurethani, ngumu kuliko mpira na laini kuliko chuma, ila kelele kidogo utazipata. Tukachagua mpira mpya, shokapu mpya za nyuma, na upepo wa tairi kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Ilitugharimu kuliko zile za kuchonga, mwezi ule kikoba nililipa kwa kuchelewa.

Kwenye tope, ukikanyaga kwa pupa, bado nyuma inagusa mara moja au mbili. Nimejifunza kukanyaga taratibu na kusubiri nafasi kubwa. Zile aluminiamu baba watoto kaziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, eti mtoto akikua.

Sasa mama uliyeniandikia: keti nyuma pale anapokaa mtoto, mwenzako aendeshe njia yenu ya kawaida. Usiende na maneno, nenda umkalishe na yeye. Halafu muulizeni fundi kuhusu shokapu na bushi nyingine.

Jumapili tunarudi kwenye mikanda ya kiti. Picha mlizonitumia nimeziona, wengi mmeilegeza mno.