"Iko Njiani" Sio Jibu

Kuna maneno mawili yanafaa kutozwa faini Kenya hii, na wala si matusi. Ni "iko njiani." Ukiagiza spea za gari kutoka nje, hasa zile za kutengenezewa wewe peke yako, utayasikia mpaka uyaote. Na sikasirikii kuchelewa. Sisi ni Wakenya, tushazoea kungoja: matatu ijae, stima irudi, kitambulisho kitoke. Kinachonikasirisha ni kungojeshwa kitu ambacho hata hakijaanza kuja.

Wacha niwape stori yote, alafu mniambie kama nina hasira za bure.

Mimi na dadangu tuko na Land Cruiser 70 Series, mzee wa 1994, tuliachiwa na mjomba. Tunapeleka watu Magadi, Marsabit, Chalbi, wale wasee wanataka kulala nje na kuamka na vumbi kwa meno. Hiyo ndiyo kazi yetu, si hobi. Mwisho wa 2023 springi za nyuma zilichoka na bamba moja likakatika. Kwa gari la kukimbia mjini hiyo si stori. Unaenda Kirinyaga Road, unapata za mtumba, unafungiwa, unaenda zako. Lakini yetu hubeba tangi la maji, hema juu ya paa, mafuta ya akiba na abiria sita. Ukiifungia springi ya kawaida inalala chini kama paka ameshiba.

Ndio maana watu huagiza za kutengenezewa. Unaulizwa unabeba kilo ngapi kila safari, uzito uko mbele au nyuma, na unataka gari inuke kiasi gani. Kiwanda kinapanga mabamba na shokabsoba kulingana na hizo hesabu. Nyingi hutoka Australia, na kuna sababu. Wale watu wana majangwa makubwa, wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na hiyo Land Cruiser wanaipenda kama sisi.

Tulipima kila kitu, tukajaza fomu, tukatuma namba ya chesisi. Januari 8, 2024 tukalipa dipoziti ya shilingi 110,000 kwa muuzaji mmoja hapa Nairobi. Akatuahidi wiki 6. Hiyo doh mathe alituchukulia mkopo kwa chama chao. Shika hiyo, nitairudia.

Wiki 6 ziliisha Februari 19. Kesho yake nikamwandikia, "Boss, mzigo umefika wapi?" Akajibu, "Uko baharini, si unajua shida ya Bahari ya Shamu."

Shida ya Bahari ya Shamu ilikuwa ya ukweli. Tangu mwisho wa 2023 Wahouthi wa Yemen walikuwa wanashambulia meli huko, na kampuni kubwa zikaamua kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Kwa meli za kati ya Asia na Ulaya hiyo ni kama wiki mbili za ziada. Lakini dadangu akafungua ramani. Mzigo wa kutoka Australia kuja Mombasa unapita Bahari ya Shamu kufanya nini? Unavuka Bahari ya Hindi, pengine ukibadilishiwa meli Singapore au Colombo. Tukamwuliza hivyo kwa heshima kabisa. Alinyamaza siku nne. Kisha akaandika, "Iko njiani."

Pasaka ilikuwa Machi 31. Tulikuwa na wateja sita wa kwenda Chalbi, kila mmoja ametoa 12,000. Barabara ya kwenda Marsabit ni lami safi, lakini ukishaiacha kuelekea Kalacha ni mawe na mchanga, na springi ikikatika huko humpigii fundi akuletee nyingine. Tukarudisha pesa zote, 72,000. Wawili wakatuambia hawatasafiri na sisi tena. Siwalaumu.

Sasa nirudi kwa mathe. Chama chao hukutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Machi wakamwuliza mkopo unalipwa lini, akasema, "Vitu vya watoto viko njiani." Aprili akasema hivyo tena. Mei kuna mama mmoja akacheka. Mathe amekuwa mwekahazina wa hicho chama miaka kumi na moja na hajawahi kukosa shilingi. Alirudi nyumbani siku hiyo, akavua viatu, akakaa kimya. Uongo wa mtu asiyemjua hata sura ulikuwa umepita kwa simu yangu, ukapita kwa mdomo wangu, ukatokea kwa mdomo wake mbele ya marafiki zake. Hiyo hasara hakuna risiti yake.

Mzigo ulifika Juni 3. Wiki 21. Dadangu akageuza boksi na kukuta lebo ya kiwanda yenye tarehe ya kutengenezwa: Machi 18, 2024.

Soma tena hapo. Februari 20 tuliambiwa springi ziko baharini. Springi zenyewe zilizaliwa Machi 18.

Ili ujue kwa nini hiyo tarehe ni kubwa, elewa vile hii biashara inaenda. Kitu cha kutengenezewa hakikai stoo kikikungoja. Oda inaingia kwa foleni ya kiwanda, na viwanda vingi hutengeneza kwa mafungu. Ikikamilika, boksi lako dogo haliwezi kukodi kontena zima, kwa hivyo linangoja mizigo ya wengine mpaka kontena lijae. Kisha bahari. Kisha bandari ya Mombasa, karatasi za KRA, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine juu yake, pengine treni ya SGR mpaka bandari kavu ya Embakasi. Kila hatua inaweza kuchelewa bila mtu yeyote kuwa mwizi. Nakubali hivyo kabisa. Nakubali hata kwamba ile shida ya Bahari ya Shamu ilisababisha msongamano mpaka Singapore mwaka huo. Lakini hatua zote hizo huanza na moja: muuzaji kutuma oda na pesa kwa kiwanda. Na kila dalili inaonyesha yetu ilikaa hapa Nairobi miezi miwili hivi.

Pesa zetu zilikuwa wapi? Sijui, na sitajifanya najua. Lakini angalia hesabu. Januari 2024 dola moja ilikuwa shilingi 160 hivi, na ndiyo bei tuliyopigiwa. Katikati ya Machi ilikuwa imeshuka chini ya 140. Sisemi alipanga. Nasema aliyetoa dipoziti Januari alilipa dola ya Januari, na kama oda ilitumwa Machi, kuna mtu alibaki na tofauti. Hiyo sio kuchelewa tena. Tulimkopesha mtu 110,000 bila riba, huku mathe akilipa riba kwa chama.

Najua wauzaji watasema mimi sijui maisha yao, na wana pointi. Kuna wateja huagiza kitu na kuzima simu kikifika. Kuna wengine hubadilisha mawazo mzigo ukiwa bandarini. Duka dogo likiagiza boksi moja moja, gharama ya kusafirisha inameza faida yote, kwa hivyo linakusanya oda tano ndio litume. Hiyo ni biashara halali. Basi niambie! Sema, "Natuma oda nikipata watu watano, sasa mko wawili." Mimi ningechagua kungoja au kurudishiwa changu. Ukinificha, umenichagulia.

Na usidhani nasifu vya hapa kwa uzalendo tu. Bampa ya mbele ya kushikilia winchi tulitengenezewa na fundi wa Kariobangi Light Industries, bamba la chuma la milimita 4, kila kitu kwa mkono. Alisema siku 10. Siku ya saba akapiga simu mwenyewe: "Kijana, hilo bamba limeisha kwa yule jamaa huniuzia, nitapata Alhamisi, nipe siku 14." Alimaliza ya 13. Kihesabu, huyo pia alichelewa. Lakini hakuna siku nilikosa kujua bampa yangu iko wapi. Ningeweza kupanda matatu, nishuke, niiguse. Kama unaniuliza, tofauti ya hao wawili sio jua kali na vya ng'ambo. Mmoja alinipigia kabla sijauliza.

Kwa hivyo, kama unaagiza chochote cha kutengenezewa, iwe springi, gauni la harusi au kabati, fanya hivi. Lipa kwa hatua: kidogo ya kuanza, nyingine ukionyeshwa namba ya oda kutoka kiwandani, ya mwisho mzigo ukifika. Ukiambiwa uko baharini, omba namba ya hati ya meli, kwa sababu mzigo ulio baharini huwa na karatasi. Tarehe iandikwe, na iandikwe pia kitakachotokea ikipita. Mwenye duka asiyetaka kuandika tarehe ameshakujibu. Na Katiba yetu iko na wewe: Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa na huduma. Habari, sio "iko njiani."

Na hii inatuhusu sisi vijana pia, tusijifanye ni wazee wa maduka ya spea peke yao. Nusu ya watu wa rika langu wanauza kitu: viatu, keki, wigi, picha, safari kama mimi. Tumejifunza kupiga picha kali na kuandika bei "kwa inbox." Hatujajifunza kupiga ile simu ngumu ya kusema mambo yameharibika. Tunaogopa mteja ataitisha pesa yake. Acha aitishe, ni yake. Mteja aliyerudishiwa pesa mapema anaweza kurudi. Yule uliyemfanya mamake achekwe kwa chama, huyo amekwenda.

Kama mzigo haujatoka kiwandani, sema haujatoka kiwandani. Ni sentensi moja, na inatosha bundle ya shilingi tano.