Enzi za CD za Posta

Kabla ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kutua pwani yetu mwaka 2009, kupakua mfumo endeshi mzima ukiwa Dar es Salaam ilikuwa kazi ya mwenye pesa na moyo. Ni megabaiti 700, unalipia kwa saa kwenye intaneti kafe, na umeme ukikatika unaanza upya. Tuliokolewa na CD za Ubuntu, mfumo endeshi huria. Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, alianzisha mradi huo mwaka 2004, na kampuni yake ikawa inatuma CD bure dunia nzima. Unajaza anwani ya sanduku lako la posta, unasubiri wiki kadhaa, bahasha inafika. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2011.

Kuchangia programu huria tulianzia chini kabisa. Modemu haitambuliki, printa inatema karatasi tupu, basi unaandika ripoti ya hitilafu kwa Kiingereza cha kuungaunga. Ajabu ni kwamba ulijibiwa! Mtu asiyekujua, pengine yuko Ujerumani, anauliza kwa upole: unatumia toleo gani? Ukiandika amri ya lspci inakuonyesha nini? Unajibu, anauliza tena. Maswali yale yalinifundisha kompyuta zaidi kuliko mwalimu yeyote wa darasani, na hakuna aliyenidai ada.

Leo intaneti iko mfukoni, na kutuma kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, ni kazi ya dakika chache. Aliyechoka ni yule wa kukisoma. Viraka vya akili mnemba vinamiminika, vinapendeza machoni, ukivijaribu havifanyi kitu. Mradi wa mfumo endeshi wa Gentoo ulipiga marufuku michango ya namna hiyo mwaka 2024. Machi ya mwaka huohuo, mtaalamu wa programu Andres Freund aligundua kwamba mchangiaji aliyejiita Jia Tan, aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili katika mradi wa xz, programu ya kubana mafaili, alikuwa amepachika mlango wa siri humo. Tangu hapo mgeni mwenye bidii anatazamwa mara mbili. Inauma, kwa sababu sisi hatukuwa na kingine cha kujitambulisha nacho isipokuwa bidii.

Hata hivyo, mradi wa mfumo endeshi wa Debian bado unapokea ripoti za hitilafu kwa barua pepe ya kawaida. Kijana unayetaka kuanza, anza na kifaa chako mwenyewe kinachokusumbua. Andika ulichokiona kwa mkono wako, na ukiulizwa swali, usikawie kujibu.