Siku Moja Bagamoyo

Yako mambo ambayo mtu huyatafuta vitabuni kwa miaka asiyapate, kisha akayapata siku aliyotoka kwenda kununua sabuni. Ndivyo ilivyomtokea binti mmoja wa sajini wa polisi, mzaliwa wa kambi ya Nsambya mjini Kampala, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996.

Watoto waliolelewa kambini wataielewa hali yake upesi. Baba yake alikuwa mtu wa kaskazini, mama yake mtu wa magharibi, na jirani wa kulia na wa kushoto kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao. Kilichowaunganisha wote ni Kiswahili cha kambini, kile cha gwaride na cha zamu ya usiku. Kwa Kiswahili hicho aliitwa chakulani, akaonywa, akabembelezwa alipougua. Lakini kila alipovuka lango la kambi kwenda sokoni, mama yake alimbana mkono na kumnong'oneza anyamaze. Tangu siku za utawala wa kijeshi wa miaka ya 1970, raia wengi walikuwa wamekizoea Kiswahili kama sauti ya kizuizi cha barabarani na mlango unaogongwa usiku. Mama wauza ndizi waliposikia lugha ile, nyuso zao zilibadilika. Mtoto akajifunza kuyaficha maneno ya nyumbani kwao kama mtu afichaye kiraka cha nguo.

Alipofika Dar es Salaam aliikuta aibu hiyo imegeuka upande wa pili. Hapa hapakuwa na aliyekiogopa Kiswahili, bali chake ndicho kilichochekwa. Basi akashika Kiingereza, darasani na bwenini, akaonekana mwenye maringo. Na ndani ya sanduku lake, chini ya kitanda, ilikuwamo barua ya baba yake iliyokwisha kaa miezi miwili bila jibu. Sajini aliandika hivi: "Mimi nitapata likizo mwezi wa kumi na mbili. Mimi nataka kuja huko kuona wewe na kusalimia rafiki yako yote." Binti aliisoma mara moja tu akaifungia. Alimpenda baba yake, lakini alipomfikiria amesimama mbele ya wenzake akisema "rafiki yako yote," moyo ulimwenda mbio.

Asubuhi ya Jumamosi moja alitoka na mwenzake wa chumbani, msichana wa Pwani, wakaenda Mwenge kununua miche miwili ya sabuni. Walipokwisha kulipa, utingo wa basi alikuwa akipaza sauti, "Bagamoyo! Nafasi mbili za mwisho!" Mwenzake akasimama. Bibi yake aliishi Bagamoyo, na hakuwa amemwona tangu Idi. Wakatazamana, wakacheka, wakapanda na sabuni zao mkononi. Hawakuaga mtu, wala hawakuwa na mwavuli wala chakula cha njiani.

Safari ni ya kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini, lakini kwa mashimo ya barabara ya siku hizo iliwachukua muda mrefu. Utingo alichukua nauli akakawia kurudisha chenji. Binti wa sajini akasahau Kiingereza chake, akapaza sauti: "Wewe! Kuja hapa! Leta balansi yangu!" Basi zima likanyamaza. Utingo akapiga saluti akasema, "Nisamehe afande, usinifunge!" Abiria wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya, na mzee mmoja hata alimpa chungwa. Lakini binti aligeukia dirishani akatazama minazi mpaka walipofika.

Bagamoyo ni mji unaojua kupokea watu waliotoka mbali. Katika karne ya 19 palikuwa ndipo mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi walishusha pembe za ndovu hapo, nao watumwa walipitishwa hapo kwenda Unguja. Wajerumani waliufanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Wasichana wale walipita kwenye nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, wakaenda ufukweni wakatazama ngalawa zikishusha samaki, kisha wakashika njia ya miembe mikubwa iendayo misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo ndipo Chuma na Susi na wenzao walipoufikisha mwili wa David Livingstone mwaka 1874, baada ya kuubeba kwa miguu kutoka nchi iitwayo leo Zambia.

Katika jumba la makumbusho la misheni mwenzake alikuwa mbele akisoma hiki na kile, na binti alimfuata bila hamu. Lakini kule kuzungumza habari za misafara kulimkumbusha jambo alilofundishwa shuleni kwao. Mapadri wa kwanza wa Kikatoliki waliofika Buganda walianzia safari yao Bagamoyo, mwezi Juni mwaka 1878, na wawili wao wakafika pwani ya ziwa, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Tarehe hizo alizikariri kwa ajili ya mtihani, na hakuwahi kudhani kwamba siku moja angesimama pale njia ilipoanzia. Akakumbuka pia kwamba kabla ya mapadri hao walitangulia wafanyabiashara wa Pwani, na kwamba Kabaka Mutesa wa Kwanza mwenyewe alikijua Kiswahili. Kumbe lugha ile haikuzaliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Ilikuwa imekwisha kuingia barazani kwa mfalme kabla ya bunduki ya askari yeyote wa kikoloni.

Saa saba mchana wakabisha hodi kwa Bibi. Msichana wa Pwani aliinama akasema, "Shikamoo, Bibi," akajibiwa, "Marahaba, mjukuu wangu." Binti wa sajini akaiga. Kisha, kwa kuwa koo lilikuwa limemkauka kwa vumbi, akasema kama walivyosema nyumbani kwao, "Mimi nataka maji."

Bibi alimletea maji katika kikombe cha bati, akangoja mpaka amekwisha kunywa. Ndipo akasema kwa upole, "Huku kwetu, mwanangu, maji huombwa. Lakini kiu ni ile ile."

Machozi yakamlenga binti. Mbele ya wali wa nazi na samaki aliyatoa yote: soko la Kampala, mkono wa mama yake, kicheko cha basini, na mwisho, kwa shida kubwa, barua iliyomo sandukuni. Mwenzake, aliyelala naye chumba kimoja karibu mwaka mzima, hakuwa amejua hata neno moja la hayo. Yeye alidhani kimya kile ni dharau.

Bibi alisikiliza huku akichambua miiba ya samaki. Akasema, "Mimi baba yangu alinisimulia habari za wapagazi. Walifika hapa kutoka bara, kila mtu na Kiswahili chake, na biashara ikafanyika. Maneno haya yametoka hapa yakaenda kwenu kwa miguu. Aliyetembea mbali hufika na vumbi; je, mtu hufukuzwa mlangoni kwa sababu ya vumbi? Hupewa maji akanawa. Baba yako amekulea kwa maneno hayo hayo mpaka umefika chuo kikuu. Mkataa kwao mtumwa, mjukuu wangu, na watumwa mji huu uliwaona wa kutosha."

Kisha akauliza swali moja tu: "Huyo mzee anakuja lini, nipate kumtayarishia kitanda?"

Hawakuwa na cha kumwachia ila miche ile miwili ya sabuni. Bibi aliipokea kwa mikono yote miwili. Wakawahi basi la mwisho wakiwa wamebana ubavu kwa ubavu, na njia nzima mwenzake alimfundisha "naomba" na "tafadhali," naye akamfundisha mwenzake nyimbo za gwaride za Nsambya, mpaka utingo akawaomba waimbe tena.

Usiku ule, kwa taa ya mezani, binti wa sajini aliandika jibu. Alianza kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia baba yake, maana kambini kwao watu waliamkiana kwa "jambo" tu: "Baba, shikamoo." Akamweleza kwamba hilo ndilo neno la heshima la huku, na kwamba mkubwa hujibu "marahaba." Akamsihi asikose kuja, kwani kitanda kinamngoja Bagamoyo. Makosa ya barua ya kwanza hakuyataja hata moja.

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikatambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Hilo ni jambo jema, lakini sheria peke yake haimwondolei mtoto aibu aliyoibeba tangu sokoni. Aibu hiyo huondolewa nyumbani, na askari asemaye na raia kwa adabu, na mzazi asiyemnyamazisha mwanawe mbele za watu, na mtoto asiyeionea haya sauti iliyomlea.

Jibu la sajini lilifika baada ya wiki tatu, kwa mwandiko mkubwa wa kalamu ya buluu. "Marahaba, mtoto yangu," aliandika. "Mimi nakuja. Ambia huyo bibi mimi naleta yeye kahawa ya kwetu."

Binti alimsomea mwenzake barua hiyo kwa sauti, neno kwa neno, na hakusahihisha kitu.