Safu ya Sababu

Nilianza kazi ya ubwana shamba katika milima ya Usambara miaka ya 1980. Wakati huo mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulikuwa ukihimiza hifadhi ya udongo: kupanda mikanda ya majani ya guatemala na miti kukinga mteremko, na kufugia ng'ombe wa maziwa zizini. Sisi wa ugani tulipaswa kuyafikisha hayo kwa mkulima.

Katika ofisi niliyokuwamo, kila mwisho wa mwezi tulikusanyika kusoma taarifa. Mita ngapi zimepandwa? Miche mingapi imegawiwa? Mwenye mita nyingi alisifiwa. Aliyekataliwa na wakulima alinyamaza, kwa sababu kukataliwa kulihesabiwa kuwa uvivu wake. Hivyo makabati yalijaa takwimu, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mikanda mingine iling'olewa baada ya mvua za masika.

Wazee wa Kisambaa hawakuhitaji kufundishwa hasara ya udongo kwenda na maji. Walichokumbuka ni mpango wa wakoloni ulioanzia Mlalo baada ya Vita Kuu ya Pili. Watu walilazimishwa kulima matuta miteremkoni, na asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Mzigo wa jembe uliwaelemea zaidi wanawake. Upinzani ulikuwa mkali hadi mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo afisa aliyefika na kamba ya kupimia alitazamwa kwa jicho la historia hiyo.

Kisha tukaletewa mkuu mpya. Katika mkutano wake wa kwanza alitusikiliza tu. Katika wa pili alisema, "Leo msinisomee mita. Niambieni nani amekataa, na amewapa sababu gani."

Kimya kilikuwa kirefu. Mwishowe akasimama mzee mmoja aliyekaribia kustaafu, akaeleza habari za mama mjane wa upande wa Soni. Mama huyo alimwambia, "Bwana shamba, hiki kishamba ndicho kinachotulisha. Sina ng'ombe. Nikipanda majani katikati yake, wanangu watakula nini?"

Sote tulingoja mzee akaripiwe. Mkuu aliandika maneno yale, akamshukuru mbele yetu, na baada ya siku chache wakaenda pamoja kwa yule mama. Mkuu alimwamkia shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akamwomba aonyeshe mwenyewe mahali ambapo majani yasingemwumiza. Mama akachagua kingo za shamba, kwa makubaliano kwamba jirani mwenye ng'ombe atanunua majani hayo.

Tangu hapo fomu ya mwezi iliongezwa safu moja: sababu za kukataa. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza kazi yetu. Tulibaini kwamba penye ng'ombe zizini majani hayakuhitaji mahubiri, kwa kuwa yalikuwa malisho. Tuliona pia kwamba mkulima humwamini mkulima mwenzake kuliko afisa, tukaanza kuwatembeza wa kijiji hiki wakaone mashamba ya kijiji kile. Wenzetu waliokuwa wakiongeza mita kwenye karatasi wakaacha, kwa kuwa ukweli ulikuwa haumgharimu mtu tena.

Mkuu yule alihamishwa, kama wahamishwavyo watumishi wa serikali. Safu ya sababu ilibaki kwenye fomu, na vijana walioajiriwa baadaye waliijaza bila kujua nani aliianzisha. Mageuzi ambayo yamo katika utaratibu wa kila siku hayamtegemei tena aliyeyaleta.

Kwa hiyo nawaambia wanaokabidhiwa ofisi leo, iwe ya kilimo, shule au hospitali: watumishi wenu watawapima kwa habari mbaya ya kwanza watakayowaletea. Mkimwadhibu aliyeileta, hamtaletewa nyingine, nanyi mtaongoza gizani. Mshukuruni hadharani, kisha nendeni naye mkaone.