Sungura Kambeba Mbuni

Mjukuu wangu hajui kwamba sumuni ilikuwa na sungura. Nilimtegea fumbo jepesi kuliko yote niliyowahi kutegewa: "Sungura kambeba mbuni, hatua ngapi?" Akaniangalia kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma. Ana miaka kumi na mitatu na simu inayozidi bei ya baiskeli zangu zote tangu nizaliwe. Ikabidi nimweleze: senti hamsini ilikuwa na picha ya sungura, senti ishirini ilikuwa na mbuni, senti tano samaki. Sungura akimbeba mbuni, ni sabini.

"Sasa Babu, mimi ningejuaje?"

Kweli, angejuaje.

Tulikuwa tumesimama Shinyanga mjini mbele ya uzio wa mabati mapya. Nilichungulia kwenye upenyo, nikaona shimo, nondo na rundo la matofali ya kuchoma. Pale ndipo lilipokuwa duka.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mfupi, mwenye kofia nyeusi iliyopauka kuwa kahawia. Tukimwamkia "Shikamoo, Babu", alijibu "Marahaba, leta chupa", kwa sababu aliamini mtoto yeyote aliyeingia pale katumwa mafuta ya taa. Harufu ya duka lile ilikuwa na ghorofa. Chini kabisa mafuta ya taa, juu yake sabuni ya mche, juu ya sabuni kanga mpya ambazo hazijafuliwa, na ukisogea kaunta unakutana na bizari. Msimu wa pamba wakulima walikuja na fedha zao, na duka likaongeza jasho na vumbi jeupe lililoganda kwenye nyusi za watu. Nikisikia leo harufu ya kanga mpya, mkono wangu unatafuta kaunta ya mbao iliyochimbika katikati kwa kusuguliwa na sarafu.

Alizungumza Kisukuma cha ndani, si cha kuombea maji. Madeni aliyaandika kwa Kigujarati, kwa hiyo hakuna mdaiwa aliyeweza kubishana na daftari. Na kwenye kila jora la kitambaa alibandika kikaratasi chenye herufi tatu au nne zisizosomeka kama neno. Tulidhani ni jina la kitambaa. Kumbe ilikuwa bei aliyonunulia. Anayeuza akitupia jicho kile kikaratasi anajua ashuke mpaka wapi, na mteja anayevutana naye bei haambulii kitu.

Siri hii aliifumbua mwalimu wetu wa skauti. Alikwenda kununua kaki ya sare zetu, akapewa chai, akarudi kesho yake akapewa chai nyingine, na baada ya vikombe vingi akaambiwa namna inavyofanya kazi, ila neno lenyewe hakuambiwa. Unachukua neno lenye herufi kumi, hakuna inayojirudia. Ya kwanza ni moja, ya pili ni mbili, mpaka ya kumi ambayo ni sifuri. Mwalimu akatafuta lake la Kiswahili. Alituambia lilimchukua wiki nzima, maana Kiswahili kinapenda kurudia a. Siku alipolipata aliingia darasani akaandika ubaoni bila hata salamu: MCHEZO SAFI. Hesabu mwenyewe. M ni moja, C ni mbili, H tatu, E nne, Z tano, O sita, S saba, A nane, F tisa, I sifuri.

Tangu siku ile hatukupumzika.

Mashindano ya kutafuta kopo yalikuwa mara moja kwa muhula. Kubwa lao lilikuwa 1975. Nimeangalia daftari langu, limeandikwa 1976. Haidhuru. Mwalimu alianza kutunga kutoka mwisho: kwanza anafukia kopo, kisha anarudi kinyumenyume, kila kituo akijiuliza mtu angefikaje hapa kama hajui anakokwenda. Fumbo alilitaka lifunguke kwa anayetembea. Ukilifungua umekaa dawatini, alilichana. Na kila mara alitega kopo la uongo, ndani yake karatasi yenye neno moja, "Rudi".

Karatasi ya kwanza ilikuwa kwa mwenye duka. Haikutoka mpaka mtoto aseme "Kalagu!" naye, bila kuinua macho kwenye mizani, aitikie "Kize!" kama bibi yeyote wa Kisukuma anayetegewa kitendawili jioni. Ndani iliandikwa: mlinzi wetu hana rungu, ukimgusa analia maziwa. Hiyo ilikuwa rahisi, kila mji ulizungushiwa minyaa, na kila mtoto alishachapwa kwa kuchezea utomvu wake unaopofusha. Kwenye ua wa minyaa tulikuta ya pili: mnene asiye na nguo, tumbo lake kisima. Tukakimbilia kwenye mbuyu wenye shimo lililotunza maji ya mvua. Na pale mbuyuni, kwenye ufa wa gamba, ya tatu: SUKUMA HEMA, LUSENI.

Watoto wa wafanyakazi wa reli, waliozaliwa Tanga na Morogoro, walisoma Kiswahili chao kilivyo. Walilifahamu hema moja tu, la wapima barabara, wakaenda kulisukuma. Walifukuzwa mpaka stesheni. Sisi wa pale tulijua zaidi, au tulijiona tunajua. Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya mashariki, ng'weli magharibi. Tukatimka kaskazini kutafuta hema. Hema hakuna. Tulifika mbali mpaka tukaanza kuokota mabuyu na kusahau kopo.

Aliyeshinda hakukimbia. Kijana mmoja mkimya, ambaye jioni alimsaidia Mhindi kupanga majora, alibaki chini ya mbuyu anacheka peke yake. Yeye alizoea herufi zisizotaka kusomwa. HE ni thelathini na nne. MA ni kumi na nane. Hatua thelathini na nne kaskazini, geuka kulia (sheria ya mwalimu ilikuwa daima kulia, "mkono wa kulia ndio unaokula"), hatua kumi na nane. Na luseni ni kichanga. Wasukuma wana jina la kila udongo, kuanzia luseni ya mwinukoni, hadi ibambasi ngumu inayovunja jembe, hadi mbuga nyeusi ya bondeni. Mwalimu hakufukia kopo mbugani hata siku moja, kwa sababu udongo ule hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na ulichokifukia hukikuti ulipokiacha.

Kopo lilikuwa la kahawa ya Africafe. Ndani peremende, penseli, sumuni tano na kidaftari cha kuandika jina. Juu ya kifuniko mwalimu alikwaruza duara lenye nukta katikati, alama ya njia ya skauti yenye maana ya "nimekwenda nyumbani". Miaka mingi baadaye nilifika Nyeri, Kenya, nikaona duara lilelile juu ya kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Nilisimama pale muda mrefu kuliko heshima ilivyotaka. Mlinzi wa makaburi alidhani ni ndugu yangu.

Jambo moja lilikuwa mwiko: jiwe linalong'aa halikuingia koponi. Tulikuwa jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Almasi ya waridi ya karati 54.5 ilitoka pale 1947, mwenye mgodi, Williamson, akamzawadia binti mfalme wa Uingereza aliyekuwa anaolewa, na hadithi za nani hasa aliiokota ni nyingi kama mibuyu. Mtoto wa Maganzo, pale karibu na mgodi, alikua akijua kwamba kokoto mfukoni inaweza kumpeleka baba yake polisi. Mwalimu hakutaka mchezo wake ufanane na kazi ya wabeshi wanaoruka uzio usiku.

Angenionya na mimi, kama ningemuuliza. Sikumuuliza. Miaka ya tisini nilipangiwa kufundisha Geita, nikatunga kopo langu mwenyewe. Nilijivuna nalo. Vituo saba, kopo la uongo mara mbili, dira, mluzi wa Morse kutoka juu ya mwembe, na MCHEZO SAFI iliyogeuzwa nyuma mbele ili I iwe moja. Nilitumia wiki tatu. Ijumaa jioni nikawapeleka wanafunzi wanane kupima njia, mmoja ameshika dira, mwingine anahesabu hatua kwa sauti, wa tatu anaandika.

Kabla ya magharibi wanaume wawili wenye sululu walinisimamisha njiani. "Mwalimu, shikamoo. Vipimo vinasemaje?"

Nikacheka. Nikasema ni mchezo. Hakuna jibu baya zaidi ambalo mtu anaweza kutoa Geita.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya mama ntilie akigombea kivuli. Anayeijua nchi ya dhahabu anajua kwamba mfumuko wa wachimbaji huanza na mama ntilie. Mawe yatafuata, au hayatafuata, lakini chai na maandazi vimeshafika. Nilikuta watu wasiopungua arobaini, maduara matatu, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, yameshuka kufikia kiuno, na kijana mmoja amejiteua kuandika majina na kukusanya ada. Kopo langu lilikuwa mikononi mwa mzee mmoja, analigeuza taratibu. Peremende walishakula. Walichokuwa wanajadili ni kifuniko, lile duara lenye nukta.

"Hii," alisema mzee, "ni alama ya Mjerumani."

Usiwacheke. Mwaka 1916, Tabora, Wajerumani waliozingirwa na vita walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Hilo si hadithi, sarafu zipo makumbusho. Tangu hapo hakuna wilaya ya bara isiyo na mtu anayejua mti ambao chini yake zimefukiwa. Nilipojaribu kueleza habari za skauti, wakaelewa kwamba nayajua mengi na nawaficha. Walichimba siku tisa. Shimo la kati liliitwa duara la Mwalimu, na lilibaki na jina hilo hata nilipohama. Mwenyekiti wa kijiji alinishauri kwa upole, kama mtu anayemshauri mgeni asioge penye mamba: "Mwalimu, Geita hapafukiwi kitu. Panafukuliwa."

Baada ya hapo miaka ilikimbia. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu. Mwaka huohuo, tarehe 2 Mei, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti kwa watumiaji wa kiraia, na kesho yake bwana mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo porini na kutangaza ilipo kwa digrii na dakika. Ndani aliweka daftari, penseli na kopo la maharage, miongoni mwa vitu vingine. Kwa hiyo mchezo wetu wa Africafe ukawa mchezo wa dunia, unaitwa jiokashingi, na mjukuu wangu anaucheza. Alinionyesha. Mshale unakuambia mita mia mbili, mita hamsini, mita nane. Huhitaji kuujua mnyaa wala luseni. Anasema yapo makopo yenye mafumbo magumu, na mafumbo yenyewe huwafungulia namba za mahali. Nikamuuliza wanayafungulia wapi. Akasema kitandani.

Na hata ukitaka fumbo la kutembea, mti wa kuanzia ungeupata wapi? Shinyanga ilishanyolewa tangu zama za kupambana na mbung'o, kisha pamba na mkaa vikamalizia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulikuja 1986, watu wakarudisha ngitili, yale malisho ya kuhifadhiwa, na leo kuna migunga mahali ambapo utotoni kwangu palikuwa na vumbi tu. Nashukuru. Lakini ni miti mipya, haina fumbo hata moja.

Mwalimu alihamishwa ghafla, tukiwa na kopo moja halijatafutwa. Amefariki, nilisikia nimechelewa. Karatasi ya kopo lile ninayo, imebandikwa ndani ya jalada la daftari: "Mlangoni. Sungura kambeba mbuni. Dakama." Hatua sabini kusini mwa mlango wa duka. Na mlango ndio huo, shimo.

Mjukuu akaanza kupima na simu. Nikamwambia si mita, ni hatua, tena hatua za mwalimu, aliyekuwa mrefu kama nguzo ya simu. Tukakadiria mlango ulipokuwa kwa kutazama mwarobaini wa ng'ambo, nikageuka kusini, nikaanza kunyoosha magoti. Kumi na saba. Kumi na nane. Mlinzi wa ujenzi alitoka nyuma ya mabati na chepe mkononi.

"Mzee, mnatafuta nini hapo?"

Mjukuu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Choo," nikasema.